Wale bata mwitu sio kwelea, tuwaachie majani ya kwenye tuta

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua ndefu mnazipunguza, sawa, ila hii mkiipunguza naomba msiguse pale ninapoeleza habari ya sumu.

Wiki kadhaa zilizopita gazeti lenu lilitoa habari ya ndege waharibifu kwenye mpunga. Habari yenyewe sina ugomvi nayo, kwelea, wale ndege wadogo wanaokuja makundi kula punje, ni janga na mimi mwenyewe mwaka juzi walinifanya nivune magunia nane pale ninapovuna ishirini, nililia. Lakini picha mliyoiweka pale juu haikuwa ya kwelea. Ilikuwa picha ya bata mwitu, wale wenye uso mweupe, wamesimama kwenye maji kundi zima wanaangalia upande mmoja, na chini yake mmeandika ndege waharibifu. Kijana wa pawatila, lile trekta dogo la mkono, ndio alinionyesha kwenye simu yake nikiwa shamba, akasema mama, bata wako wameandikwa gazetini. Niliumia kweli. Manake huku kwetu kitu kikishaandikwa gazetini kinakuwa ruhusa, na siku mbili baadaye nikamsikia mtu kwenye kibanda cha chai anasema si mmeona, hata serikali inasema hao ni waharibifu, wakati serikali haijasema kitu, ni picha tu mtu aliichukua mahali akaibandika.

Sasa mimi hao bata nimekaa nao kuanzia Machi mpaka Julai mwaka huu, kila siku, kwa hiyo naomba niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu.

Nalima Mabogini, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, ile iliyojengwa kwa msaada wa Wajapani ikamalizika 1987. Wanaoijua wanajua, majaruba yamepimwa, mita mia kwa thelathini, kila moja lina mfereji wa kuingiza maji upande huu na mfereji wa kutolea maji upande ule, na maji yanatoka mto Rau na chemchemi za Njoro. Nina jaruba moja tu. Lipo mwisho kabisa wa mstari na ukivuka tuta unakuta mfereji mkubwa wa kutolea maji na kando yake kuna kipande cha ardhi kisicho na mtu, kama hatua kumi upana, kimejaa majani marefu na matete kidogo. Pale mwisho maji yanafika kwa tabu siku hizi manake huko juu nako watu wanalima mpunga, lakini yakifika yanakaa, na ndio maana ndege wanapapenda. Asubuhi mlima ukiwa wazi unauona wote ndani ya jaruba kabla upepo haujaanza.

Mwishoni mwa Machi nilikuwa nafyeka matuta, tunafyeka kabla ya kupandikiza ili panya wasijifiche. Nikawa nimefika kwenye kile kipande cha mfereji, nimeinua fyekeo, ndege akaruka karibu na mguu wangu kabisa, hatua moja, mbawa nyeusi kubwa, akapiga mluzi akaenda akatua jaruba la pili. Nikaangalia chini. Mayai tisa, meupe yenye umanjano kwa mbali, madogo kuliko ya bata wa nyumbani, yamekaa kwenye kishimo kilichotandikwa majani makavu, na majani marefu ya juu yamekunjwa kidogo yanafunika kama kibanda. Hatua moja zaidi fyekeo lingepita pale pale. Nilisimama muda mrefu. Nikarudisha yale majani niliyoyasogeza, nikarudi nyuma polepole, nikaacha kipande kizima bila kufyeka, nikaenda kukaa kwenye tuta la mbali kungoja kama atarudi. Alirudi baada ya kama nusu saa, hakuruka moja kwa moja mpaka pale, alitua mbali akatembea kwa mguu ndani ya majani, yaani anajua kuficha njia.

Kuanzia siku hiyo nikawa nawahi shamba. Kwa wasiowajua, ni bata mrefu miguu na shingo, anasimama wima, uso mweupe kama amepakwa chokaa, kisogo na shingo ya nyuma nyeusi, kifua rangi ya udongo mwekundu na ubavuni ana mistari myembamba. Hasemi kwa kwa kwa kama bata wa nyumbani, anapiga mluzi wa sauti tatu, fi fi fiuu, ndio maana watoto huku wanamwita bata mluzi. Usiku ukisikia mluzi unapita juu ya nyumba ni hao, wanakwenda kula, wanakula sana usiku kuliko mchana. Mjukuu wangu alitafuta kwenye simu akakuta kwamba ndege huyu huyu yupo Afrika yote hii ya kusini mwa Sahara, yupo Madagaska, na ng'ambo ya bahari Amerika ya Kusini yupo pia, sura ile ile. Ile ilinishangaza sana kwamba kuna mama mwingine huko ng'ambo pengine na yeye anasikia mluzi huo huo usiku.

Kitu kilichonifanya niwapende zaidi ya ndege wote ni hiki. Jike na dume wanafanana, hutawatofautisha hata ukiwa karibu, na wote wawili wanaatamia. Nilifikiri ni mmoja tu analala pale siku zote, kumbe wanapokezana. Jioni jua likikaribia kuzama mmoja anakuja kwa mguu kupitia majani, anapiga mluzi mdogo sana wa chini, yule wa ndani anatoka, wanasimama pamoja dakika mbili tatu wanachambuana manyoya ya shingo, halafu aliyekuja anaingia na aliyetoka anaruka kwenda kula. Kuna siku mvua ya masika ilipiga kuanzia saa nane mpaka usiku, mfereji ukajaa maji yakapanda mpaka karibu na majani, nililala na wasiwasi nikijua yale mayai yameshaelea. Asubuhi nikakuta yupo, amekaa pale pale, maji yamebakisha kama shubiri mbili kumfikia, manyoya yamelowa yamemganda mwilini. Sijui alikuwa jike au dume. Hakuondoka.

Tulipandikiza kuanzia tarehe 6 Aprili, vibarua saba, na niliwaambia wote wale wakinamama kwamba pale kwenye mfereji hakuna kwenda, wakaniuliza kuna nyoka, nikasema kuna ndege ameatamia, na nawashukuru kwa sababu hakuna aliyekwenda hata mmoja. Mmoja wao akaniambia kwao mama yake alikuwa hakubali ndege aliyeatamia aguswe, hata kama shamba linataka kulimwa wanaliruka lile eneo wanalima pembeni.

Tarehe 22 Aprili asubuhi nikakuta kishimo kitupu, maganda tu. Nilishtuka nikafikiri kenge. Nikaanza kuzunguka, nikawakuta upande wa pili wa jaruba langu kwenye kona yenye maji mengi, wale wazazi wawili wamesimama na katikati yao vinaelea vitu vidogo vya kahawia na manjano, nikahesabu mara ya kwanza saba, mara ya pili nane. Yai moja lilibaki halijatotoa nililikuta kwenye kishimo baadaye. Vifaranga nane, wamezaliwa usiku ule au jana yake na tayari wanaogelea wanajitafutia chakula wenyewe. Hawa hawalishwi mdomoni kama njiwa. Kazi ya mzazi ni kulinda tu, mmoja anainamisha kichwa anakula na wenzie wadogo, mwingine anasimama shingo juu anaangalia mbingu, wakichoka wanabadilishana. Akipita mwewe yule mlinzi anatoa sauti moja fupi na vifaranga wote wanaingia kwenye mpunga, sekunde moja hakuna kitu juu ya maji, unaona majani ya mpunga yanatikisika tu.

Hapa naomba niseme ukweli wote, manake kuna wakulima watasoma hii barua wataniambia wewe mama unatetea wezi. Bata mwitu wanaweza kuharibu. Kwenye kitalu wanaharibu. Mimi kitalu changu nilikimwaga katikati ya Machi na usiku mmoja waliingia wakala mbegu na kukanyaga kona moja, eneo kama la mkeka wa kulalia, nikalazimika kumwaga tena ile kona. Mtu anayemwaga mbegu moja kwa moja shambani bila kupandikiza anaweza kupata hasara kubwa zaidi, hilo silikatai. Lakini dawa yake ni ndogo sana, nilifunika kitalu na vyandarua vya zamani vilivyotoboka, nikavibana na miti pembeni, kwa zile wiki tatu, basi, hawakuingia tena. Mche ukishapandikizwa na ukashika, bata hana shida nao. Niliwaangalia miezi miwili na nusu wakiwa ndani ya mpunga wangu. Walichokuwa wanakula ni mbegu za majani, hasa lile gugu linalofanana na mpunga ambalo palizi yake inatutoa jasho, na wadudu wa kwenye maji na konokono wadogo. Kwenye ile kona yao mwaka huu palizi ya pili sikuweka kibarua. Sikupima, sina mizani ya kitaalamu, nasema nilichoona.

Na konokono tusiwachukulie kirahisi. Wenzetu wa Mwea kule Kenya tangu 2020 wanahangaika na yule konokono mgeni wa rangi ya dhahabu anayekata miche michanga usiku mmoja jaruba zima. Akifika huku, nani atamla kama ndege wote wa majini tumewamaliza?

Kule Japani, hao hao waliotujengea skimu, kuna mkulima wa Fukuoka anaitwa Takao Furuno, tangu 1988 yeye anaingiza vifaranga vya bata kwenye mpunga makusudi kabisa, miche ikishashika tu anawaachia, wanakula magugu na wadudu, wanachafua maji kwa miguu, kinyesi kinakuwa mbolea, na mpunga ukianza kutoa masuke anawatoa manake hapo watakula punje. Bata wake ni wa kufugwa wenye damu ya bata mwitu ndani yao. Watu wamekwenda kujifunza kwake kutoka nchi nyingi. Sisi wetu wanakuja wenyewe bure, hawadai chakula wala banda.

Kwelea ni kitu kingine kabisa. Kwelea ni ndege mdogo, mzito kama kijiko cha chai cha sukari mara nne tano hivi, anakula kama gramu kumi za punje kwa siku, anakuja kwa malaki na mamilioni na anataka punje ikiwa bado ina maziwa. Mwezi wa sita mpunga ukiwa na maziwa nakaa shamba kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka jua linazama, naamia, yaani nafukuza ndege, na debe na kamba zenye makopo, na mjukuu akiwa hana shule ana teo lake. Ndio nikapata muda wa kuwaangalia bata kutwa nzima. Kwelea wakitua na sisi tukipiga debe, kwelea wanaruka wingu zima, bata wanainua shingo tu, wametuzoea, halafu wanaendelea. Kwa kwelea serikali inaleta ndege ya kunyunyizia dawa kwenye mazalia yao, na dawa yenyewe, fenthioni, haichagui, inaua ndege wengine pia waliolala kwenye miti hiyo na hata mwewe anayekuja kuokota waliokufa, na wataalamu wenyewe wanalijua hilo. Mi sipingi kwelea wapigwe, tutakula nini. Nachosema mkiwachanganya na bata kwenye picha moja mnampa mtu ruhusa ya kwenda na dawa yake mwenyewe kwenye mfereji.

Na kitu kama hicho kilishatokea huku kwetu.

Vifaranga nane, wawili walipotea wiki ya kwanza. Mmoja nilimwona kenge akitoka kwenye maji naye, wa pili sijui. Hilo ni la porini, niliumia lakini sina wa kumlaumu, kenge naye ana watoto. Wakabaki sita na wakaanza kukua haraka, wiki ya tatu walikuwa kama njiwa, manyoya yameanza kuchomoza. Katikati ya Mei mtu mmoja kwenye mstari mwingine, simtaji na sitaki atajwe, alichelewa kupanda akawa na kitalu kipya, bata na njiwa wakawa wanaingia. Badala ya kufunika akachanganya mchele na dawa akamwaga kwenye kingo. Asubuhi nilipofika kitu cha kwanza nilichosikia ni mluzi, mluzi wa mfululizo bila kupumzika, sijawahi kuwasikia hivyo. Mzazi mmoja alikuwa amelala kwenye maji kifudifudi. Vifaranga watatu kando ya tuta, mmoja bado anatikisa mguu, nikamshika akafia mkononi. Njiwa kama kumi na mbili na yangeyange mmoja. Mzazi aliyebaki alikuwa anazunguka yule mwenzie, anamsukuma na mdomo, anarudi kwa vifaranga watatu waliobaki, anamrudia tena. Mpaka saa nne jua limekuwa kali bado anafanya hivyo. Mimi ni mtu mzima nimezika wengi, lakini nilikaa kwenye tuta nikalia.

Kilichonitisha zaidi ni kilichofuata. Wakaja vijana wawili na mfuko wa salfeti, wakaanza kuokota wale njiwa. Nikawauliza mnawapeleka wapi, wakasema mama hii si ni nyama. Nikawaambia hii imekufa kwa sumu, mmoja akajibu tukitoa utumbo hamna shida. Jamani. Nilisimama mbele yao nikakataa, kelele zikawavuta watu, mwisho tukachimba shimo tukafukia wote. Sasa najiuliza ni mara ngapi imeshafanyika mimi nisiwepo, na hizo nyama ziliuzwa wapi, nani alikula, mtoto wa nani aliumwa tumbo ikasemwa ni malaria.

Hili sio la kwetu peke yetu. Kule Bunyala magharibi mwa Kenya, kwenye skimu ya mpunga kama hii, watu wa ndege walikuta zaidi ya miaka kumi iliyopita kwamba wawindaji wanapaka kabofurani kwenye konokono na mpunga, korongo na bata wanakula wanaanguka, wanaokotwa wanauzwa kwa kitoweo. Kabofurani ni dawa ya kuua wadudu kwenye udongo, huwa ni chengachenga za zambarau, kiasi kidogo sana kinatosha kuua ndege, na mtu pia inamdhuru, inakamata mishipa ya fahamu. Utumbo kuutoa hakusaidii kitu, sumu ikishaingia kwenye damu imeingia kwenye nyama. Naomba hilo mliandike kwa herufi kubwa mkiweza. Ndege uliyemkuta amekufa shambani usimle, usimpe mbwa, fukia.

Na sheria ipo, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, huruhusiwi kuua ndege wa porini bila kibali na sumu sio njia ya kuwindia. Wengi huku hawajui kwamba bata wa kwenye mfereji ni mnyamapori, wanafikiri mnyamapori ni tembo. Sijaandika ili mtu yule akamatwe. Nilikwenda nyumbani kwake jioni ile, tukakaa, mkewe akaniletea chai, nikamweleza habari ya wale vijana na mfuko. Alinyamaza muda mrefu. Akasema mama mi sikufikiria watu, nilifikiria mbegu yangu tu, nimekopa. Na ni kweli amekopa, mbegu ya SARO 5 na mbolea na pawatila vyote mkopo, msimu ukiharibika kwake hakuna wa kumshika mkono. Kesho yake nikampelekea vyandarua vyangu tukafunika kitalu chake pamoja. Dawa ile aliuziwa imepimwa kwenye kikaratasi, haina jina, haina maelekezo, haina hata alama ya fuvu. Hapo ndipo wenye mamlaka ya viuatilifu wangepaangalia, mtu anauza kitu kinachoua kwa kijiko kama anauza chumvi.

Yule mzazi aliyebaki aliwalea wale watatu peke yake. Hilo sikulitegemea kabisa. Nilifikiri ataondoka. Alikuwa hawezi tena kula na kulinda kwa wakati mmoja, kwa hiyo mchana kutwa alikuwa amesimama shingo juu, na chakula chake nadhani alikuwa anakula usiku vifaranga wakiwa wamejificha, manake alikonda, kifua kilichongoka. Alihamia kwenye jaruba langu moja kwa moja, upande ninakokaa kuamia, kama hatua ishirini kutoka kwenye dungu langu. Watu wanasema ndege hana akili, mi nasema alichagua. Mwewe walikuwa hawasogei pale kwa sababu ya debe letu.

Tarehe 20 Juni, jioni, mjukuu wangu ndio aliona, akaniita bibi bibi angalia. Yule mkubwa alikimbia juu ya maji akaruka, na watatu nyuma yake, wawili wakapanda na wa tatu akaanguka kwenye mpunga, akajaribu tena, akapanda. Wakazunguka juu ya majaruba mara mbili huku wanapiga mluzi, halafu wakaelekea kusini, upande wa Nyumba ya Mungu, kule Kikuletwa na Ruvu zinakokutana kwenye bwawa. Nilijua ndio basi. Lakini usiku nikausikia mluzi unapita juu ya bati, na asubuhi nikawakuta wanne wote kwenye kona yao.

Bado kuna jambo moja watu wengi hawalijui na linawaua sana. Bata hawa wakishamaliza kulea wanapukutisha manyoya ya mbawa yote kwa mara moja, na kwa kama wiki tatu hawawezi kuruka kabisa, wanajificha kwenye matete. Mwezi wa saba vijana walimkimbiza mmoja kwenye mfereji wakisema mgonjwa huyu, anakimbia tu haruki. Hakuwa mgonjwa, alikuwa anangoja manyoya mapya. Niliwaomba wamwache, na nawashukuru wale watoto walimwachia, ingawa mmoja alinuna. Kama ni yule mzazi wangu au mwingine sina uhakika. Alikuwa amekonda.

Sasa ninachoomba mimi. Wenzangu wa skimu, hapa na Chekereni na Rau na kwingine kote mnakolima kwa mfereji, Kilombero, Mbarali, tukifyeka matuta Machi na Aprili tuache ile kando ya mfereji wa kutolea maji, tusichome moto, tufyeke katikati ya mashamba tu ambako ndiko panya wanatusumbua. Kabla ya kuingia na fyekeo kwenye majani marefu piga majani kwa fimbo kwanza, akiwepo ataruka. Ukikuta mayai acha, ni mwezi mmoja tu, siku ishirini na sita mpaka thelathini, wanatotoa na kuondoka siku hiyo hiyo, hawakai kukusumbua. Kitalu funika. Mabwana shamba wetu, mkija kutufundisha kuhusu kwelea tufundisheni na hili, mbona kwenye mikutano mnasema ndege ndege kama vile ndege wote ni mmoja.

Na ninyi gazeti, naomba mtoe picha nyingine. Wekeni kwelea kwa jina lake na sura yake, ana mdomo mwekundu mfupi na ni mdogo kama shorewanda, wala hafanani na bata hata kwa mbali. Mkitaka picha ya bata nitawaelekeza njia, mje saa kumi na mbili asubuhi kabla ya upepo, mvae mabuti. Mjukuu pia ana video kwenye simu ya yule mzazi akiwa amesimama na watatu, inatikisika lakini inaonekana.

Nimeshavuna. Magunia kumi na tisa, na kona ya bata imetoa kama kona nyingine. Matuta yanahitaji kufyekwa tena kabla zamu ya maji haijarudi kwenye mstari wetu, nimemwambia kijana aanzie upande wa barabara, na pale kwenye mfereji nimechomeka mti wenye kitambaa chekundu ili asipite.

Ni mimi,
Mama mkulima wa mpunga,
Mabogini, Moshi